Mabinti wa Saa Kumi

Gauni lilikuwa limelowa. Hilo peke yake lisingemshtua dobi, maana nguo mbichi kwa dobi ni kama mdomo wazi kwa daktari wa meno. Kilichomshtua ni kwamba lilikuwa gauni la shule, la marehemu, limeletwa na mama wa marehemu, na marehemu alikuwa na siku tisa kaburini.

"Linanuka tangi," mama alisema, akaliweka juu ya meza ya kupigia pasi. "Nililifua, nikalikausha, nikalifungia kabatini. Leo saa kumi alasiri nimelikuta kwenye kiti cha jikoni, linachuruzika."

"Pole sana, dada."

"Usinipe pole, kaka. Nyumbani zimejaa, sina tena pa kuziweka. Nifulie tu."

Akaondoka taratibu, akiburuza kandambili. Dobi akalikunjua gauni. Kwenye pindo kulikuwa na ute wa kijani, ule unaoota ndani ya matangi ya maji yaliyosahaulika. Akasema moyoni kuwa huzuni humfanyia mtu mambo, akalifua.

Dobi huyu alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo lililotangulia na kiuno kilichobaki nyuma kulalamika. Alikuwa amepiga pasi katika hoteli za nchi nne, na zote zilimfukuza kwa heshima. Aliporudi alifungua kibanda chake, akaanzisha kundi kwenye simu ili asiwe anazunguka mlango kwa mlango. Mteja aliandika, "Shati langu la mistari," na kazi ikiisha dobi alijibu neno moja: "Tayari." Mwenye nguo akaja kuchukua. Ndivyo kundi lilivyoanza. Halafu watu wakaanza kuuliza kama kuna umeme, nani kapoteza mbuzi, mke wa nani kaonekana wapi, na kabla hajajua lolote, dobi akawa kiongozi wa bunge la mtaa lenye watu mia mbili na kumi, ambalo halikuwahi kwenda likizo.

Marehemu alikuwa binti wa miaka kumi na saba. Alilala Jumanne akiwa mzima, Jumatano hakuamka. Daktari alimpima juu chini, akaandika kwamba sababu ya kifo haikujulikana. Mtaa uliipokea karatasi ile kama mgeni aliyepewa sahani tupu: ukaigeuza, ukaitazama chini, kisha ukaingia jikoni kujipikia wenyewe.

Simu ya dobi ilitetemeka hadi ikawa inatembea yenyewe juu ya meza. Nasikia hivi. Nimeambiwa vile. Nyuso za kulia mstari mzima, chini yake swali: kwani kilimuua nini hasa? Dobi alichoka. Kuzima simu hakuweza, wateja wangemkimbia; kubishana na watu hakuweza, alishabishana katika nchi nne na hakushinda popote. Basi kila ujumbe ulipoingia aliandika chini yake neno lililokaa kwenye kidole chake kwa miaka: "Tayari." Maana yake kwake ilikuwa, nimeona, yameisha, tupumzike.

Siku tatu baada ya gauni la kwanza, mama alirudi na jingine la shule. Safari hii mkono wa kulia wa gauni ulikuwa umeungua, na kitambaa kilinuka waya wa umeme na nywele. Baada ya siku mbili nyingine akaja tena na la tatu. Gauni lilikuwa kavu, lakini kiunoni lilikuwa limefumuliwa na kupanuliwa vidole vinne.

Mama alikuwa mshonaji wa mapazia. Akaugusa mshono ule kwa ukucha. "Huu si wangu," alisema. "Mimi sishoni hivi. Na mwanangu hakunenepa hata siku moja. Nani anamshonea mwanangu, kaka?"

Dobi alilipokea gauni, akalikunja. Mama alipotoka, alikaa juu ya kapu la nguo chafu, akafungua simu, akarudi nyuma.

Fundi bomba: "Nasikia walimtoa kwenye tangi la maji, familia inaficha." Chini yake, Tayari.

Dada muuza vocha: "Simu ilimlipukia ikiwa kwenye chaji. Vijana hawaambiliki!" Tayari.

Mwalimu mstaafu, aya mbili zenye mikato yote mahali pake: "Tusifichane, wazazi wenzangu. Binti alikuwa mjamzito, akanywa dawa." Tayari.

Tangi. Moto. Kiuno. Dobi akasikia baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo, na pasi ilikuwa inawaka hatua moja kutoka alipokaa.

Kesho yake mama alimtumia ujumbe. "Njoo saa kumi. Uniambie wangu ni yupi."

Nyumba ilikuwa vyumba viwili. Sebule ilijaa mapazia ya wateja yaliyotundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, ili yasikunjamane, kiasi kwamba mgeni aliona tu vitambaa na, chini ya vitambaa, sakafu. Mama alikuwa nyuma ya cherehani. Alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani.

"Kaa. Usiseme kitu."

Nje jua lilikuwa kali. Watoto wa shule walipita wakipiga kelele, wakapungua, wakaisha. Kisha komeo la geti likalia.

Likalia mara moja tu, kama linavyolia likifunguliwa na mtu anayelijua, na mama hakuinua kichwa, akaendelea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kama mtu anayesubiri basi linalochelewa kila siku, huku kwenye kizingiti kukiingia miguu miwili yenye soksi nyeupe zilizoacha maji kila zilipokanyaga, na nyuma yake miguu mingine miwili iliyoleta harufu ya waya ulioungua, na nyuma ya hiyo mingine iliyotembea polepole na kwa kutanuka kama ya mwanamke aliyebeba kitu tumboni, yote ikipita chini ya mapazia bila kuyatikisa, ikielekea jikoni, ambako viti vitatu vilivutwa kimoja baada ya kingine, na mabegi matatu yakatua sakafuni, ingawa dobi alijua, kwa sababu alikuwepo, kwamba begi lenyewe walilitia kaburini.

"Shikamoo, baba dobi," sauti ilisema kutoka jikoni. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea ndani ya ndoo.

"Marahaba," dobi akajibu. Ulimi wenye adabu humponza mwenyewe.

"Langu tayari?"

Mama akamziba mdomo kwa kiganja. "Usijibu," alimnong'oneza. "Kila ukiwajibu wanachukua kidogo. Mimi nilijibu wiki nzima, nikafurahi, nikawapikia. Sasa nina sauti tatu masikioni, na ya mwanangu mwenyewe siisikii. Jana nimekaa kutwa nzima natafuta alivyokuwa anacheka. Sijaipata, kaka. Wamenizika mtoto mara moja, sasa wananifukua kichwa."

Dobi alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa mganga wa mtaa.

Mganga huyo aliitwa Bibi Miwani, kwa kuwa aliuza miwani ya kusomea kwenye kimeza karibu na kituo cha basi, na kutoa majini kulikuwa kazi yake ya ziada. "Ni kazi moja," alipenda kusema. "Mtu haoni vizuri, unamrekebisha." Alimsikiliza dobi huku akifuta lenzi kwa ncha ya kanga, akapiga miayo.

"Jini halina sura, mwanangu. Ni kama mtu aliyetoka kuoga akakuta taulo limeibwa. Linapita nyumba kwa nyumba linatafuta cha kuvaa. Nani aliyelishonea?"

"Mtaa, bibi."

"Mtaa hushona kila siku, mbona haliji? Nani aliliambia lije kuchukua?"

Dobi akamwonyesha simu. Bibi alivaa miwani moja, akaivua, akavaa ya nguvu zaidi.

"Tayari," alisoma. "Tayari. Tayari. Lo! Wewe baba, hata pepo unampelekea nguo zilizopigwa pasi?"

"Nilikuwa nimechoka, bibi."

"Sote tumechoka. Haya. Kila aliyeandika aje saa kumi, asimame mbele ya mama, aseme: sijui kilichomuua mwanao. Basi. Sitaki kuku, sitaki ubani. Hayo matatu tu: aje, asimame, aseme."

Dobi aliona ni dawa rahisi, mpaka alipoanza kuigawa.

"Mimi niliandika 'nasikia'," fundi bomba alilalamika, kichwa kikiwa chini ya sinki la mtu. "Kusikia si kusema!"

"Mimi nilishaufuta," alisema dada muuza vocha.

"Umeufuta kwenye simu, dada. Mwenzako ameuvaa."

Mwalimu mstaafu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Miaka thelathini na nne hakuwahi kusema sijui mbele ya darasa. "Niambie niombe radhi," alisema. "Radhi nitaomba, tena kwa maandishi. Lakini sijui? Mbele ya fundi bomba?" Dobi ikabidi amletee gauni lenyewe, akamwekea mapajani. Mzee alilishika kiuno, akauona mshono. Kisha akatafuta viatu vyake.

Wakasimama wote sebuleni kati ya mapazia, Bibi Miwani akiwa nao, wamebanana, wananuka jasho la woga. Komeo likalia. Miguu ikapita. Viti vikavutwa.

"Sijui kilichomuua mwanao," fundi bomba alisema, sauti imekwaruza. Jikoni maji yakamwagika kama ndoo iliyopigwa teke, kisha pakawa pakavu.

Dada muuza vocha alilisema huku akilia. Harufu ya waya ikakatika.

Mwalimu alivua kofia. "Mama," alisema, "sijui. Sikujua siku ile, na leo sijui." Na kile kiti cha tatu kikarudishwa chini ya meza, polepole, kama mtu mzito anavyoinuka.

Fundi bomba alianza kucheka, kicheko cha kushukuru. Mama naye aliinua uso, na kwa mara ya kwanza dobi akaona ndani yake kitu kinachofanana na usingizi wa kweli.

Ndipo komeo likalia tena.

Miguu hii ilikuwa mikavu. Soksi nyeupe, viatu vinang'aa. Haikwenda jikoni. Ilikuja ikasimama nyuma ya pazia lililokuwa karibu na mama, na mkono ukatoka ukamshika begani, mkono safi, kucha zimekatwa sawasawa.

"Huyu ni wa nani?" Bibi Miwani aliuliza kwa sauti ya chini. "Nani aliandika mwingine?"

Kila mtu akatikisa kichwa. Dobi akaanza kutikisa chake, akaacha katikati. Aliufungua ujumbe wa Jumatano, wa kwanza kabisa, kabla ya porojo zote, rambirambi aliyoiandika yeye kama kiongozi wa kundi: "Alikuwa binti mpole, mtiifu, mwenye tabasamu kwa kila mtu. Hakuwahi kumkosea yeyote." Watu mia moja na tisini walikuwa wameweka moyo. Na chini yake, kwa mazoea, neno lake.

"Huyu huja baada ya wenzake, hasemi, hajawahi kuchafua nguo," mama alisema kwa upole. "Ndiyo maana sikumleta kwako."

"Sema, baba," Bibi akamsukuma dobi.

"Kaka, usiseme." Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wale wengine wachukueni. Huyu niachieni. Huyu hanisumbui."

Dobi alitamani kuwa katika hoteli yoyote ya nchi yoyote, wamfukuze. Lakini alikumbuka kitu. "Dada," alisema, "mwanao alikuja kibandani kwangu mwezi wa pili. Nilikuwa nimemharibia sweta kwa maji ya moto, likawa dogo. Alilitupa mezani, akaniambia, 'Dobi, hili mvalishe paka wako, na akikataa mpe pole.' Akatoka akabamiza mlango mpaka bango langu likaanguka. Nilicheka siku nzima. Yule ndiye wako, dada. Yule mwenye mdomo. Mimi nilimwandika vizuri kwa sababu sikujua la kuandika. Sikumjua mwanao. Sikumjua."

Alisubiri. Wote walisubiri. Ule mkono haukuondoka begani.

Bibi Miwani aliivua miwani, akaikunja. "Ungemwambia mapema," alisema kwa kuchoka. "Nguo hii sasa si yako kuivua. Mama mwenyewe ameshalivisha jini."

"Dada," dobi aliita, karibu kulia. "Sweta la kijani. Alikupigia kelele na wewe, si ulikuja kuniambia? Kumbuka."

Mama alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea nyumba. Kisha akainua macho kwa yule aliyesimama nyuma yake, wakatabasamu pamoja.

"Kaka," alisema, "wewe unamsema mtoto gani?"

Wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Dobi alikuwa wa mwisho. Hakuwa amefika getini aliposikia mlango ukifungwa nyuma yake, taratibu, kwa adabu zote, na cherehani ya mama ndani ilikuwa bado inalia.