Mchezo Alioacha Kaka

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta. Alipangusa vumbi kwenye vioo vya kompyuta, akakaza nyaya zilizolegea, kisha akakaa kwenye kompyuta ya dirishani. Jina hilo la utani alipewa na kaka yake, kwa ule mdomo wake usiotulia. Sasa kaka alikuwa ng'ambo masomoni, na nyumba ilikuwa kimya mno. Chiriku alimkumbuka sana.

Kabla ya safari walikuwa wameanza kutengeneza mchezo wa kuku anayevuka barabara. Kaka alimwachia mchezo huo kwenye flashi. "Umalizie wewe, mdogo wangu," alimwambia. Lakini kompyuta za shule zilitumia mfumo huria, ule ambao yeyote huruhusiwa kuutumia bure, na jukwaa la kuandikia programu alilotumia kaka lilikuwa na leseni isiyoruhusu litumike kwenye mfumo huo. Kila alipojaribu, liligoma.

"Acha kujitesa," alisema Machejo, jirani yake darasani. "Ninayo nakala iliyovunjwa kufuli. Haiulizi leseni. Kufumba na kufumbua, kuku wako anatembea!"

Chiriku alitamani kumwona yule kuku kuliko kitu chochote. Akaichomeka flashi ya Machejo, lakini kidole kikasita. Kaka akiuliza ameufunguaje, atamjibu nini? Akaichomoa, akaenda kumweleza mwalimu wa kompyuta yote.

"Jukwaa lile lina wenyewe, na wamekataa," alisema mwalimu. "Tusiwaingilie kwa mlango wa nyuma. Ila mchezo ni wenu. Tutaufungua kama maandishi matupu, nawe utauandika upya kwenye jukwaa huria. Kazi ipo, mwanangu!"

Kazi ilikuwepo kweli. Chiriku aliandika mstari baada ya mstari, amri nyingine zikikataa katakata, Machejo akimcheka. Siku moja, katikati ya amri, akakuta maneno ambayo kompyuta huyaruka, aliyoyaandika kaka ili yasomwe na mtu: "Hapa nimepaacha makusudi. Chiriku ndiye anayejua kuku analiaje."

Machozi yalimlengalenga. Akasogeza maikrofoni, akalia kama kuku, akaiweka sauti hiyo pale alipopaacha kaka. Chumba kizima kikaangua kicheko, na kuku akavuka barabara.

"Umeona?" mwalimu alimwambia, akimshika bega. "Kwa njia ya mkato mchezo ungefunguka, lakini maneno haya usingeyasoma. Umeheshimu mali ya watu, ukatoa jasho kwa ajili ya yako. Mtumie kaka yako mchezo huu leo. Huna la kumficha."