Mstari Mwekundu wa Mama Mwandiko

Kila asubuhi Mama Mwandiko alifungua dirisha la stoo, akapangusa kaunta, akachonga penseli mbili. Kazi yake ilikuwa kuandika vipuri vya magari: vilivyoingia, vilivyotoka na vilivyobaki. Herufi zake zilinyooka kama zimepigwa rula, ndiyo maana wenzake wakampa jina hilo.

Jumatatu moja msimamizi wa stoo alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Madaftari basi," alisema. "Sasa ni kompyuta. Baada ya wiki nane kila karani atanionyesha programu ndogo aliyoiandika mwenyewe. Atakayeshindwa atahamia uani, kupakua mizigo."

Mama Mwandiko alikuwa na mgongo mbovu. Uani asingemaliza hata mwezi. 

Jioni hiyo alipita kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Aliomba kitabu cha kujifunza lugha ya programu, yaani maneno ambayo mtu huiandikia kompyuta ili ifanye kazi anayotaka.

"Hiki hapa, mama. Kina kila kitu," alisema muuzaji, akiinua kitabu kinene kama tofali.

Mama Mwandiko hakukifungua. Alikipima mkononi tu. Kitabu kizito, alijiambia, ndicho chenye elimu.

Nyumbani alifanya alichokizoea. Alichukua daftari jipya, akaanza kukinakili. Wiki mbili zikapita. Kurasa arobaini zikajaa mwandiko wa kupendeza, na kichwani hamna kitu.

"Mama watoto," alisema mumewe, ambaye ni kinyozi na mtu wa mzaha, "unaandika kama barua ya posa. Kompyuta ya mdogo wako utaigusa lini?"

"Nikiiharibu je? Si yetu, ya kuazima."

Jumamosi asubuhi alijikaza. Akaandika mfano wa kwanza, herufi kwa herufi, akabonyeza. Mstari mwekundu ukatokea. Akarudia polepole. Mwekundu tena! Kijasho chembamba kikamtoka. Akachomoa waya ukutani, akaifunika kompyuta kwa shuka. Kwa siku nne hakuisogelea. Kila akipita karibu na ile shuka, alitazama pembeni.

"Nimeiharibu," hatimaye alimwambia mumewe, machozi yakimlengalenga. "Na kazi ndiyo imekwenda."

Safari hii mumewe hakutania. Alitoka, akarudi na jirani wa mlango wa pili. Jirani huyo ni mkutubi, mtunza vitabu wa maktaba.

Mkutubi alichomeka waya. Mama Mwandiko akashika kifua. Kompyuta ikawaka kama kawaida.

"Dada, zoezi dogo kama hili haliharibu kompyuta. Mstari mwekundu unakwambia ulipokosea, basi."

"Lakini sikukosea! Nimefuata kitabu."

"Hebu tuone kilichapwa lini." Akafunua kurasa za mwanzo. "Unaona? Miaka kumi na saba iliyopita. Lugha hii imebadilika tangu hapo. Siku hizi maneno haya yanawekwa ndani ya mabano."

Akaongeza mabano mawili tu. Kompyuta ikaandika salamu. Mama Mwandiko alicheka huku akilia.

"Sasa soma utangulizi," alisema mkutubi.

Akasoma polepole: "Kitabu hiki ni cha wenye uzoefu wa kuandika programu." Akakifunga kwa kishindo. "Kumbe niliuziwa mbuzi kwenye gunia!"

"Gunia lilikuwa wazi, dada. Hukuchungulia."

Kesho yake baada ya kazi walikwenda maktaba. Mkutubi aliweka vitabu vitatu mezani.

"Soma ukurasa mmoja wa kila kitabu kwa sauti," alisema. "Kisha uchague mwenyewe."

Katika kitabu cha kwanza alikwama mara tano, na hakuna neno lililoelezwa. Akakirudisha. Cha pili kilieleweka, lakini hakikuwa na zoezi hata moja. Cha tatu kilichapwa mwaka uliopita. Sura zake zilikuwa fupi, kila sura na mazoezi, na majibu yalikuwa mwishoni.

"Chembamba hiki?" aliuliza kwa mashaka.

"Kinatosha kuanzia. Ila kwanza tutahakikisha toleo la lugha lililomo ndilo lililoko kwenye kompyuta yako. Halafu kimalize hiki kabla hujatafuta kingine. Na usinakili daftarini! Andika kwenye kompyuta, kisha badilisha kidogo uone kitatokea nini. Papo kwa papo kamba hukata jiwe."

Woga haukuisha siku moja. Kila jioni alikaa nusu saa, na kila jioni mstari mwekundu ulimtokea. Mwanzoni alishtuka. Baadaye akajifunza kuusoma.

Siku ya mtihani alikaa mbele ya kompyuta ya stoo, msimamizi kando yake. Programu yake ilikuwa ya kuonyesha vipuri vilivyobaki chini ya vitano. Akabonyeza, na mstari mwekundu ukatokea kiooni.

Msimamizi akaruka nyuma. "Umeiharibu!"

Mama Mwandiko akauona ua akilini, na mizigo ya kupakua. Akainama, akasoma: mstari wa sita, bano halijafungwa. Akalifunga. Orodha ikashuka: breki, mikanda, taa za nyuma.

"Haijaharibika, mzee," alisema. "Ilikuwa inaniambia nilipokosea."

"Wewe utabaki dirishani," alisema msimamizi.

Lakini hakuondoka. Aliwasubiri makarani wengine watoke, akachungulia mlangoni, akashusha sauti.

"Hicho kitabu chako umekipata wapi? Na mimi wakubwa wamenipa mpaka mwisho wa mwaka nijifunze. Nimenunua kimoja kinene hivi, sielewi hata ukurasa. Silali."

"Kilichapwa mwaka gani?" aliuliza Mama Mwandiko.

"Sijaangalia," alisema msimamizi.

"Kilete kesho, mzee. Tutaanza na kurasa za mwanzo."