Kaburi la Mchezo

Ukoo wetu una jambo ambalo halizungumzwi mbele ya wakwe. Wewe nakwambia kwa sababu si wa kwetu, na hutakuja kuposa kwetu. Lilimkuta Alois, kaka yake bibi yangu Theresia, enzi za Mjerumani, pale kijijini kwetu Kinole, milimani, mchana kweupe. Narudia, mchana. Watu wakisikia habari za wafu hukimbilia kuuliza ilikuwa saa ngapi za usiku. Hili halikungoja usiku.

Alois alikuwa chotara. Baba yake alikuwa Mzungu wa shamba la kahawa. Alipanda kahawa, akapanda na mtoto, na kahawa ilipomshinda akafunga mizigo akarudi kwao. Mama yake aliitwa Mwaisha, mwanamke wa Kinole, mweusi tii, mkulima wa ndizi, ambaye baadaye aliolewa na Mluguru mwenzake akamzaa bibi yangu. Sasa uelewe kitu kimoja: sisi Waluguru mtu ni wa kwa mama yake. Ukoo unatoka tumboni. Baba, hata awe nani, ni mgeni wa heshima tu. Kwa hiyo Alois, pamoja na pua yake ile na nywele zake zile, alikuwa wetu kabisa, na hakuna mtu Kinole aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Aliyemwambia vinginevyo ni mji. Mapadri walimsomesha, akakijua Kijerumani, akateremka Morogoro kuwa mkalimani. Huko akavaa viatu na kofia, akaitwa bwana mdogo, na kichwa kikavimba. Watu walipomuuliza kwao, alisema mama yake alikuwa Mwarabu wa pwani na alikwisha kufa. Ehe! Sasa uongo huo ukawa unamla. Siku za soko, wanawake wa milimani wakiteremka na mikungu ya ndizi vichwani, Alois alikuwa anazikagua nyuso zao kwa mbali. Akisikia mwanamke anakohoa sokoni kikohozi kama cha mama yake, alijibanza nyuma ya mlango mpaka apite.

Na Mwaisha alijua. Mama gani asijue? Akiwa na ndizi za kuuza alizungukia njia ya mtoni, asionekane, asimwaibishe mwanawe. Mimi naona haya hapo hapo, hata kabla ya hayo mengine.

Basi akaja kwa garimoshi Mzungu mmoja na sanduku lenye miguu mitatu na mpini wa kuzungusha. Watu wakamwita Bwana Mashine. Alikuwa anapiga picha zinazotembea, zile tunazoziita sinema leo. Hakutumwa na serikali wala kampuni. Alikuwa na sanduku lake na wazimu wake basi. Alitaka kutengeneza picha fupi ya kutisha: Mzungu anapotea katika milima ya Uluguru, ajuza mchawi anamloga, wanakijiji wanamzika yule ajuza, naye anafufuka. Alisema Ulaya watu watajikojolea.

Wazungu wenzake walikataa kucheza. Akamtazama Alois. Akampaka unga wa muhogo usoni, akamvika koti lake, akarudi nyuma, akatikisa kichwa kwa furaha. Kwa mbali, Mzungu kamili. Bibi alikuwa akisema kuwa hakuwahi kumwona kaka yake na furaha kama siku ile, na kila akilisema hilo aliinamisha uso.

Tatizo lilikuwa moja. Bwana Mashine alikuwa ameichagua Kinole. Alois alimwambia kule kuna homa, kuna chui, njia imekatwa na mvua. Bwana Mashine akamjibu kwamba ndiyo maana anapataka. Wakapanda.

Jumbe wa Kinole alitishwa kiboko na askari aliyekuja nao, akatoa watu. Kaburi likachimbwa kando ya migomba. Lakini ajuza wa kulala humo hakupatikana. Vikongwe wote walikataa. Mmoja alisema, "Nitaingia siku yangu ikifika, sitangulii kupima." Bwana Mashine akaanza kufoka, na Alois jasho likamtoka, likachora michirizi kwenye unga.

Ndipo Mwaisha akajitokeza kwenye migomba. Siku nyingi mno alikuwa hajamwona mwanawe kwa karibu. Akamuuliza jumbe kwa sauti ya chini, "Hii ni kazi ya yule kijana?"

"Ni yake. Isipofanyika atafukuzwa."

"Basi nitalala."

Bwana Mashine akamuuliza Alois kama anamfahamu yule mwanamke. Alois akasema hamfahamu. Kinole nzima ilikuwa imesimama pale.

Wakampaka majivu, wakamfunga kaniki kuukuu, akacheza. Akamnyooshea mikono Mzungu wa unga, Mzungu akaanguka, akatetemeka. Watoto walicheka. Kisha Mwaisha akateremka kaburini akalala juu ya mkeka, na mkeka mwingine ukatandazwa juu yake, uso ukaachwa wazi mpaka mwisho.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa liko hapa. Kwetu mchimba kaburi ni mtani, mtu wa ukoo tunaotaniana nao, na mtani ana ruhusa ya kutania hata msibani. Kabla ya udongo wa kwanza, mtani huuliza, "Huyu tunayemfukia ni wa nani?" Mtoto mkubwa wa tumbo la marehemu ndiye anayejibu, "Ni wangu." Ndipo udongo unaingia, na marehemu anapokelewa na wazee wake. Asiye na mtoto hujibiwa na ndugu. Lakini mtu hafukiwi bila jibu, hata mwizi.

Mtani aliyechimba siku ile aliitwa Kasiani, mtu wa masihara kupita kiasi. Alikuwa anajua vizuri yule aliyepakwa unga ni nani. Akataka kumchokoza. Akaegemea jembe lake, akamtazama Alois, akauliza kwa sauti kubwa:

"Huyu tunayemfukia ni wa nani?"

Vicheko vikakatika. Bibi yangu Theresia, msichana wakati ule, akafungua mdomo ajibu yeye. Mama yake akamtikisia kichwa kutoka shimoni. Alikuwa anamngoja mkubwa.

Bwana Mashine huku anazungusha mpini, anapiga kelele, kuna nini, kwa nini wamesimama, yule mwanamke anawahusu nini? Alois akatazama lile sanduku. Akatazama chini. Akasema kwa Kiswahili, kila mtu asikie:

"Si wa mtu. Fukieni."

Akachota udongo kwa mkono wake mwenyewe, akautupa.

Kasiani akaliachia jembe. Utani ulikuwa umekwisha. Askari akainua kiboko, na watu wakafukia, kidogo tu, juu ya mkeka, ule wa kuonekana kwenye picha. Bwana Mashine akapunga mkono kuwa sasa afufuke.

Hakufufuka.

Akapunga tena. Udongo umetulia. Upepo ulikuwa umekoma, na majani ya migomba hayakuwa yanatikisika. Theresia akaanza kulia. Ndipo mkeka ukainuka. Mwaisha akatoka taratibu, bila kusaidiwa, bila kujikung'uta. Akapita katikati ya watu. Alipofika mbele ya Alois, njia ilikuwa nyembamba. Akasimama. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana," akamwambia mwanawe.

Alois akadhani mama anamsitiri, anauendeleza mchezo. Moyo wake ukashuka kwa shukrani. Akasogea kando ampishe.

"Marahaba," akasema.

Mtoto kupokea shikamoo ya mama yake mzazi! Bibi alikuwa akifika hapa anatafuta ugoro wake, na sisi tunangoja.

Bwana Mashine alizisafisha picha zake mjini kwa madawa, akaalika Wazungu kwenye ghala moja alasiri, madirisha yamezibwa kwa mikeka, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Alois aliruhusiwa kukaa nyuma. Picha zikaanza kutembea. Akajiona, koti, kofia, uso mweupe. Akasikia Wazungu wakiulizana yule Mzungu ni nani. Akatabasamu gizani.

Likaja kaburi. Akaona uso wa mama yake. Akaona mkono wake mwenyewe ukitupa udongo. Watu wanafukia. Watu wanangoja. Theresia analia.

Kisha watu wote kwenye shuka wakageuza vichwa pamoja, polepole, wakifuata kitu kwa macho. Hakukuwa na kitu. Mkeka ulikuwa umelala. Udongo ulikuwa juu yake vilevile. Hakuna aliyetoka. Alois akajiona anasogea kando, anapisha hewa. Midomo yake ikachezacheza. Marahaba.

Nyuma yake, kaburini, mkeka ulikuwa unapanda na kushuka. Kidogo. Kama kifua. Halafu ukaacha.

Wazungu walimzomea Bwana Mashine, mchawi wako mbona hafufuki? Yeye alikuwa amekauka, ameshika mpini. Aligeuka kumtafuta Alois. Alois alikwisha kutoka, anapanda mlima na viatu vyake vya mjini.

Alifika Kinole asubuhi, viatu vimeachama. Mama yake alikuwa mekoni, anapuliza moto. Pumzi zikamrudi Alois. Akapiga magoti mlangoni.

"Mama."

Mwaisha akainuka haraka, akafuta mikono. "Shikamoo, bwana. Karibu. Umepotea njia?"

"Mama, ni mimi. Alois."

Akamtazama kwa huruma, huruma ile unayompa mtoto wa mwenzio. "Pole, bwana. Mama yako umemwacha wapi?"

Theresia akamvuta kaka yake nje, nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda.

"Tangu siku ile mama hali chakula," akanong'ona. "Anapika. Anatupakulia. Yeye hali. Kila asubuhi nafagia udongo kitandani kwake. Nafagia, Alois. Hauishi."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nikuite nani? Bwana?"

Wakamfuata Kasiani. Siku hiyo hakuwa na utani hata punje. Alisema kuna jambo moja tu: swali lilijibiwa vibaya, liulizwe upya, pale pale, aliyekosea ajibu. Shimo lilikuwa limeshafukiwa baada ya wageni kuondoka, maana shimo wazi ni mkosi. Kijiji kikasimama kulizunguka. Mama alibaki nyumbani, anapika, kwa kuwa, alisema, kuna mgeni.

Kasiani akaegemea jembe. Akauliza:

"Huyu tuliyemfukia ni wa nani?"

"Ni wangu," Alois akalia. "Ni mama yangu mzazi. Mwaisha wa Kinole. Ni wangu mimi."

Watu wakaukodolea macho udongo.

Kisha chini ya udongo mtu akakohoa. Kikohozi kile kile alichokuwa anakikimbia sokoni. Na sauti ikaja, ya upole, ya mtu anayezungumza na mkubwa.

"Na wewe, bwana, ni wa nani?"

Waliisikia wote. Wengine walikimbia, hawakuonekana mpaka jioni. Alois akafungua mdomo aseme "wako". Neno moja. Halikutoka. Akakohoa. Akakaza shingo. Akatema kwenye kiganja.

Mchanga.

Kasiani akaanza kufukua kama kichaa, kwa jembe, kwa mikono. Akafika chini. Palikuwa na mikeka miwili, imekunjwa vizuri, imewekwa pembeni, kama ya mtu aliyeamka akatandua kitanda chake. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

Walipokimbilia nyumbani, moto ulikuwa unawaka na chungu kinachemka. Mama hayupo. Uwanja ulikuwa umefagiwa na hapakuwa na nyayo za kutoka. Chakula kilikuwa kimepakuliwa kwenye bakuli moja, kimefunikwa kwa ungo. Ugali umejazwa, na maharage yamemwagwa juu kwa wingi, vile mama anavyompakulia mwanawe wa kiume aliyetoka safari. Kilikuwa cha moto bado.

Alois akakaa chini akanawa. Theresia akamwambia asile. Akala. Bibi alisikia meno yake yakisaga mchanga, kila tonge, na machozi yanamtiririka, na hakuacha mpaka bakuli likawa jeupe.

Hakurudi mjini. Bwana Mashine alituma askari kumtafuta, kisha akaondoka na garimoshi, na masanduku yake sijui yaliishia wapi. Alois aliishi Kinole miaka mingi, mkimya, hakuoa. Hakuna chakula alichokula tena kisicho na mchanga. Bibi alipepeta unga mara mbili, mara tatu, akachekecha kwa kitambaa, wengine wote tunakula hatuoni kitu. Yeye kila akila lazima asukutue. Mama yangu akiwa mtoto ndiye aliyekuwa anampelekea maji, na ndiye aliyekuwa anamwaga bakuli lake la kusukutulia nyuma ya nyumba. Aliniambia kwenye kitako cha bakuli kila mara palibaki udongo mwekundu, mbichi, kiasi cha kujaa kiganja.

Alipokufa tulimzika kwingine kabisa, karibu na kanisa. Lakini pale nyuma ya nyumba, yalipokuwa yakimwagwa maji yake ya kusukutua, pamebaki kichuguu kirefu, urefu wa mtu aliyelala. Mvua haikiondoi. Majani hayaoti. Mwaka jana wajukuu walitaka kukisawazisha wapande migomba, nikawakataza kwa ukali. Waliniuliza pale amezikwa nani. Jina la Mwaisha likanifika mdomoni, nikawaambia wakachote maji.