Alama ya Dada Mlangoni

Kila Jumatano akitoka kwenye mazoezi ya karate, Panzi alipitia kwanza kwenye meza ya mama yake, fundi cherehani, akachukua kipande cha chaki ya bluu. Alijipaka kwenye kidole gumba cha mguu, akasimama mbele ya mlango wa chumbani na kupiga teke. Chaki ilipogusa fremu, aliandika tarehe pembeni kwa penseli. Halafu aliinua macho kuutazama mstari mmoja uliochorwa kwa kalamu juu ya alama zake zote. Huo ulikuwa wa dada yake.

Dada alikuwa amekwenda kusoma chuo cha mbali. Siku ya kuondoka alimwambia, "Ukiifikia alama yangu, nitakuja nikufunge mkanda wa njano kwa mikono yangu." Maneno hayo Panzi aliyashika kama yalivyo. Mguu ukifika pale, dada anarudi. Jamani, alimkumbuka huyo dada! Hata kitanda chake siku hizi kilikuwa cha kuwekea vitambaa vya wateja.

Jumatano hiyo teke lilipungua vidole vinne, kama wiki iliyopita. Panzi alitaka kulia. Akasikiliza: mama alikuwa sebuleni anakanyaga cherehani. Basi akarudi nyuma hatua mbili, akaruka, akapiga. Chaki ikatua juu ya mstari barabara.

"Mama! Nimefika!"

Mama alipiga vigelegele, akampigia dada simu papo hapo.

"We Panzi, kweli?" dada aliuliza. "Mguu wa pili ulibaki chini?"

"U-ulibaki."

"Hongera, mdogo wangu! Jumamosi nina mtihani, lakini ahadi ni ahadi. Nitauacha, nije."

Usiku, mezani, Panzi aliuchezea wali kwa kijiko bila kuula. Panzi alivumilia weee, mwishowe machozi yakamtoka. "Mama, niliruka. Nilitaka arudi."

Mama aliweka kijiko chini. "Mimi simo. Mpigie mwenyewe, tena sasa hivi, kabla hajaomba ruhusa."

Panzi alipiga simu, akamweleza dada yote, naye dada akacheka. "Kumbe jina la Panzi sikukosea kukupa! Sikiliza. Nilisema vile kukutia moyo tu. Nitakuja likizo, ufike usifike. Na mstari ule niliuchora nikiwa na miaka kumi na minne. Wewe una kumi na mmoja!"

Mama alivua utepe wa kupimia shingoni, akamwongoza Panzi hadi mlangoni. Alipima kutoka alama ya chini kabisa hadi ile ya wiki iliyopita.

"Inchi saba. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Mteja akija hapa, nikamshonea kwa vipimo vya dada yake, nguo itamkaa?"

"Haitamkaa, mama."

"Basi na wewe jipime kwa mguu wako wa jana, siyo kwa mguu wa dada. Na ukijipima, usijidanganye, maana hutajua umefika wapi."

Panzi alichukua kitambaa kibichi, akaifuta ile alama ya uongo mpaka fremu ikang'aa.

Likizo ilipofika, teke lake lilikuwa bado linapungua vidole viwili. Dada alitua begi, akamkumbatia mpaka pumzi ikambana, kisha akasema, "Haya, nionyeshe."

Panzi akapiga magoti mbele ya fremu, akaanza na alama yake ya chini kabisa.