Nani Alisema Twende Ziwani

Vikombe vilikuwa vinne. Mama mtoto aliviangalia pale kwenye sinki, akavigusa kimoja kimoja kama mtu anayehisi anaibiwa mchana kweupe, maana jana jioni waliokaa sebuleni kupanga safari ya kuvua samaki walikuwa watatu tu: mumewe fundi friji, na wenzake wawili wa karakana, Kipara na yule wanayemwita Mwalimu, ambaye hajawahi kufundisha popote ila hawezi kuona msumari asiueleze. Yeye mwenyewe hakunywa chai. Mtoto ndiyo kwanza anaota meno. Sasa hiki cha nne ni cha nani? Kilikuwa na maji, baridi ya kuuma vidole, na chini yake tope laini la kijani.

Akakinusa. Kilinuka majani yaliyooza.

"Jana mlikuwa na mgeni?" alimuuliza mumewe, aliyekuwa anafunga kamba za viatu.

"Mgeni gani? Tulikuwa sisi tu."

"Na mlikuwa mnaongea nini muda wote ule?"

"Si safari. Lile ziwa la mlimani. Tukipandia upande wa mawe mekundu, jua linatukuta tumeshafika, samaki bado wako juu juu."

Alisema kama mtu anayeelekeza njia ya dukani. Mtu huyuhuyu ambaye hajashika ndoano tangu azaliwe, ambaye akiletewa samaki mezani anaomba kichwa kiondolewe kwanza, hapendi kutazamwa.

Kusema kweli mama mtoto hakufikiria jini. Alifikiria mwanamke. Wifi yake alipopita mchana kumsalimia mtoto, akamweleza, na wifi akacheka mpaka akashika ubavu.

"Samaki wa mlimani, wifi yangu? Hao huwa wanavaa hereni."

"Usinitanie, moyo wangu hauko sawa."

"Sikutanii. Kaka yangu namjua, mvivu wa kupanda hata ngazi. Leo apande mlima? Mkague."

Akamkagua. Simu, kola, mifuko yote. Hakukuta unywele wala manukato. Alikuta shati linanuka tope, na kwenye mfuko wa suruali gamba moja la samaki, pana kama kucha ya dole gumba, bado bichi. Na safari yenyewe hawajaenda.

Jioni alimshika mumewe jikoni kabla wenzake hawajafika. "Hizo fimbo za kuvulia zilizosimama pale pembeni sebuleni, mmezitoa wapi?"

Mumewe akamweleza bila kuficha, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Kuna mteja aliacha friza karakana akapotea. Desturi yao pale, chombo kikishasahauliwa kinafunguliwa, kinatolewa vipuri. Wakakata kufuli. Ndani barafu imejaa hadi mdomoni, na friza yenyewe haijawahi kuchomekwa kwenye umeme tangu iletwe. Kipara akataka waiache. Mwalimu akaeleza kwamba ni ubora wa kuta zake tu. Wakaibomoa ile barafu, wakazikuta fimbo zimelala katikati yake, na kwa vile joto lilikuwa la kuchoma utosi, mabonge wakayatia kwenye jagi lao la maji ya kunywa.

"Barafu tamu ile. Si ndiyo nilikuletea kwenye chupa, ya fizi za mtoto?"

Mama mtoto akageuka kumtafuta mwanawe kwa macho. Aliikumbuka. Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi, naye akavunja kipande, akakionja mwenyewe kwanza kama mama yeyote anavyoonja kabla ya kumpa mwanawe, akakiona kitamu, akakizungushia kitambaa safi, akamsugulia fizi. Mtoto alinyamaza papo hapo. Alinyamaza huku ametoa macho, kama anayesikiliza mtu.

Wenzake walifika, mazungumzo yakaanza. Aliwapelekea vikombe vitatu, akavihakikisha, kisha akasimama nyuma ya pazia la jikoni na mtoto mgongoni. Wakapanga nani abebe mkate, nani taa, nani blanketi.

"Na chambo?" aliuliza Kipara.

"Minyoo haifai kule," Mwalimu akaeleza, kwa sauti yake ileile ya kila siku. "Samaki wa kule wanataka kitu kinacholia."

"Mtoto tunaye," alisema mumewe, akanyoosha mkono kuchukua sukari.

Hakuna aliyeshtuka. Mama mtoto alitoka nyuma ya pazia. "Baba mtoto, umesema nini?"

"Nimesema nini?" Akamtazama kweli kama asiyejua.

"Nani alianza? Nani kati yenu alisema twende ziwani?"

"Kipara," alisema mumewe.

"Mimi? Mimi naogopa maji, bwana. Mwalimu ndiye alikuja na hayo mambo."

"Shemeji, mimi niliambiwa na mumeo."

Wakatazamana. Kwenye kiti cha nne ambacho hakuna aliyekikalia, mto ulikuwa umebonyea na maji yanachuruzika taratibu kutoka kwenye kitambaa chake hadi sakafuni, tone kwa tone, na ile harufu ya majani yaliyooza ikapanda ikajaa chumba kizima, na pale pembeni gurudumu la uzi la fimbo mojawapo likaanza kuzunguka lenyewe, krrr, krrr, uzi ukitambaa juu ya zulia kuelekea kwake, na mgongoni akahisi vikono vya mwanawe vinachezacheza, akageuza shingo akaona mtoto ambaye hajui hata kupiga makofi anazungusha ngumi moja juu ya nyingine, polepole, kama anayevuta kitu kizito kutoka majini.

Alikimbia peku hadi kwa wifi yake. Wifi safari hii hakucheka. Alimfuata mkunga mstaafu aliyempokea mtoto huyo alipozaliwa, mama ambaye watu humwita pia kwa mambo yasiyopimika hospitali. Mkunga aliingia nao sebuleni kwa fundi, akatazama kiti, akavua kandambili zake.

"Jini la maji halina miguu," alisema kwa kunong'ona. "Linatembea kwa midomo ya watu. Mmemeza maji yake, sasa linawatuma mlirudishe kwao, na halirudi mikono mitupu. Nani ameonja hiyo barafu?"

"Sisi watatu," mumewe akawahi. "Na mtoto."

Mama mtoto akatikisa kichwa kukubali. Akili yake yote ilikuwa kwa mwanawe.

Mkunga akachemsha maji, akatia chumvi, akayasomea, akamnywesha kila aliyetajwa yakiwa na moto wa kuvumilika, na kila aliyekunywa alitakiwa atamke kwa kinywa chake: siendi. Kipara alisema. Mwalimu alisema bila kueleza lolote. Mumewe alisema huku analia. Mtoto alipakwa tone mdomoni, na kwa kuwa hajui kusema, mama yake akamsemea: "Haendi." Kiti kikakauka mbele ya macho yao. Fimbo zikachomwa, friza ikapelekwa kwa wanunua vyuma chakavu, na nyumba ikarudi kunuka sabuni na maziwa ya mtoto.

Maisha yakaendelea. Ziwa halikutajwa tena.

Mpaka alasiri moja fundi alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe ameketi mlangoni, amevaa raba, begi liko tayari, anamvalisha mtoto soksi juu ya soksi.

"Mnaenda wapi?"

"Asubuhi kule baridi ni kali," alijibu, hata hakuinua uso. "Tukipandia upande wa mawe mekundu tutawakuta bado wako juu juu. Wewe beba taa."

Fundi aliegemea ukuta. "Mke wangu. Nani kakwambia twende?"

Akainua macho, akamtazama kwa mshangao wa kweli, jinsi mtu anavyomtazama mwenzake aliyesahau maneno yake mwenyewe.

"Si wewe?"

Na mapajani mwake mtoto akakunja ngumi, akaanza kuvuta.