Sababu ya Karani Ursule

Jumatatu asubuhi, ukutani kwa tribinali ya Makiso, watu walikuwa wanakanyagana kutafuta majina yao kwenye orodha ya kesi. Feruzi, fundi mbao wa Mangobo, alikuwa mbele kabisa, ndani ya shati jeupe ambalo mama yake Zaina alilipiga pasi mara mbili. Akatokea msichana, joho jeusi juu ya kitenge cha manjano, karatasi mkono mmoja, brashi ya gundi mkono wa pili.

"Pardon, papa, pisha!"

Brashi ikapita kifuani kwa Feruzi. Lo! Shati likaharibika, na moyo nao palepale.

"Mademoiselle, hii shati utafua?"

"Mi iko karani, si mama ya kufua. Kesi yako namba ngapi?"

"Kumi na saba. Jirani yangu Zakaria anasema atelier yetu ya mbao imejengwa mu parcelle yake."

Ursule, ndilo jina lake, akapitisha kidole kwenye orodha. "Iko remise, wameisogeza mbele. Urudi kisha wiki mbili."

Basi, wakili wa Zakaria, maître Franck, alikuwa bingwa wa kuahirisha. Leo hajapewa nakala, kesho mteja wake anaumwa, keshokutwa ramani haina muhuri. Wengine wenye kesi walilia kwa kila remise. Feruzi alikuwa anachagua shati la kumwonea Ursule! Akaomba namba ya karani, na simu zikaanza.

"Allô, karani? Dossier yangu iko muzima?"

"Iko mu kabati, inakusalimia."

"Na mwenye ufunguo?"

"Iko kazini, bwana. Kata simu!" Lakini yeye mwenyewe hakukata.

Siku Feruzi alipomwalika kula lituma ya ndizi na samaki kando ya mto, Ursule akakataa.

"Sikia, chéri. We iko mutu wa kesi, na mi ndiye naandika ile kesi. Wakituona pamoja, Franck atabomoa yote na mama yako atapoteza parcelle. Tungoje hukumu."

"Na Franck akiomba remise kumi?"

"Tutangoja kumi." Feruzi akalala na ile "chéri" wiki nzima.

Remise ya sita, akaingia akakuta kiti cha Ursule kimekaliwa na mzee mwenye mvi. Akatoka nje kumpigia simu.

"Umeniacha?"

"Nimetoka mu kesi yako. Nenda usome dossier, ni haki yako."

"Nisome nini? Sema tu Zakaria amekununua!"

Simu ikakatwa.

Hasira hasara. Siku kumi Feruzi hakula vizuri. Meza tatu alizotengeneza zilienda upande. "Mutoto wangu, si usome tu ile dossier," Mama Zaina akamsihi. Hakusoma. Kiburi kitupu!

Siku ya kesi, Franck akasimama. "Président, karani amebadilishwa bila sababu. Naomba remise, tuanze yote upya."

"Sababu iko, maître. Iko humu," akasema jaji, akifungua dossier. Akasoma barua kwa Kifaransa. Watu wa nyuma wakanung'unika, naye akairudia kwa Kiswahili: "Mimi Ursule, naomba kutoka mu kesi kumi na saba. Karani hawezi kuandika kesi ya mutu anayemupenda. Napenda Feruzi, fundi mbao. Sitaki apoteze haki yake kwa sababu yangu."

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Mama Zaina. Jaji mwenyewe alicheka kabla ya kugonga meza.

"Remise imekataliwa. Hukumu kisha siku nane."

Feruzi alikuwa ameshafika nje. Ursule alikuwa ukutani, anabandika orodha, mgongo kwake.

"Ursule, mi iko mujinga."

"Hiyo najua. Ulisema nimenunuliwa."

"Nilisema. Niliumia, nikakosa. Nisamehe, roho yangu."

Akageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kicheko pia. "Na hukumu ikikuangusha?"

"Nitabeba randa yangu na mama yangu, nitafute pengine. Lakini nawe. Nilete wazee kwa papa yako siku gani?"

Ursule akachovya brashi, akampaka gundi kifuani, kwenye shati lilelile jeupe.

"Jumapili, saa nne. Na usithubutu kuomba remise."