Marahaba ya Mlango wa Uani

Ilikuwa Alhamisi, si Ijumaa kama Cornel anavyopenda kusimulia. Ijumaa Cornel huwa ameshafika nyumbani kutoka kazini kwake Mikumi, na jioni ile mkewe Filomena alikuwa peke yake.

Jua lilikuwa linainamia vilima vya upande wa Kidete alipokumbuka kwamba msasa umekwisha. Fundi Deo angekuja asubuhi kupiga rangi sebuleni, na Deo bila msasa hagusi ukuta. Filomena akapanda bodaboda mpaka dukani, akanunua karatasi sita za msasa na brashi moja pana, akarudi kabla giza halijaingia. Akaviweka vitu juu ya meza ya jikoni. Akabandika sufuria ya chai.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani. Babu yake Cornel, mzee Ditram, aliletwa kutoka Songea akiwa manamba wa mashamba ya mkonge, kisha akapata kazi relini, akajenga kwa matofali ya kuchoma hapo hapo Kilosa, mahali ambapo treni ikipita vikombe hulia kabatini. Alipofariki alimwachia binti yake Regina, shangazi yake Cornel. Regina aliishi humo peke yake mpaka alipozikwa mwaka juzi. Hakuacha mtoto. Nyumba ikawa ya Cornel.

Filomena alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza ziliharibika katika chumba chenye unyevu walichokuwa wamepanga Mikumi, na hakuna hata moja iliyofika mwezi wa nne. Hii ya tatu ilikuwa imevuka. Ndiyo maana walikuwa na haraka. Bati jipya, dari, plasta, sakafu, yote yaishe, mtoto wao azaliwe mahali pakavu.

Uani waling'oa michongoma iliyokuwa imezeeka, wakamwaga mchanga ili wapange matofali ya pevingi. Kazi ngumu ilikuwa mlango wa uani. Regina alikuwa ameupigilia mbao kwa ndani, misumari ya inchi sita, na kila alipotaka kuanika nguo uani alitokea mbele akazunguka nyumba nzima na beseni lake. Hata uzeeni. Hata kwenye mvua.

"Shangazi alikuwa na mambo yake," Cornel alisema, akacheka. Akaleta mlango mpya wa mninga.

Deo aling'oa mbao. Akavunja kizingiti cha zamani ili kilingane na pevingi, na chini ya kizingiti akakuta chungu. Kilikuwa kimefukiwa kifudifudi, mdomo chini.

"Shemeji, njoo uone! Chungu kizito hiki, kama kesi ya mkulima na mfugaji!"

"Kina nini ndani?"

Deo akakipindua kwa mikono miwili, anahema. Akachungulia. "Hamna kitu. Vumbi tu."

Filomena akakipenda palepale. Kilikuwa cheusi, kina michoro ya kucha shingoni. Kwenye simu yake alikuwa amehifadhi picha nyingi za nyumba za watu zilizopambwa kwa vyungu kama hivyo. Akakiosha. Akakisimamisha mdomo juu, akatia udongo na mche wa waridi, akakiweka kando ya mlango wa uani. Akakipiga picha, akamtumia Cornel. Cornel akajibu kwa vidole gumba vitatu.

Kuna jambo moja kuhusu Regina ambalo lazima lisemwe hapa. Regina alikuwa haitikii shikamoo. Huku kwetu mtoto asiyeamkia huchapwa, na mkubwa asiyeitikia husemwa mtaa mzima. Ungesimama barazani kwake, ungemwamkia, naye yumo ndani anakusikia, lakini kimya. Mpaka atoke. Akutazame usoni, ashushe macho polepole hadi miguuni, ndipo aseme, "Marahaba." Cornel alipokuwa mdogo aliwahi kulia kwa ajili hiyo. Watu walisema Regina anaringa.

Filomena aliyajua yote hayo. Hakuyawaza.

Basi, Alhamisi ile, chai inaanza kuchemka, akasikia nyuma yake:

"Shikamoo."

Sauti ndogo. Sauti ya mtoto wa miaka mitatu, minne hivi, aliyefundishwa vizuri. Tangu michongoma ing'olewe watoto wa mtaa walikuwa wakikatiza uani kama njia yao.

"Marahaba," Filomena akajibu, macho kwenye sufuria. "Hujambo?"

Akapunguza moto chini ya sufuria.

Akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Waridi lilikuwa pale pale. Uani hapakuwa na mtu...

Mchanga ambao Deo aliusawazisha na kuunyunyizia maji saa kumi ulikuwa laini, kama uji uliopoa. Haukuwa na unyayo hata mmoja.

Alifunga mlango. Akajiambia mtoto atakuwa alisimama kwa jirani. Ijumaa Cornel alirudi, wakashinda Jumamosi yote wakibishania rangi ya chumbani, yeye anataka ya maziwa, mumewe anataka ya kijani, na hapakusikika kitu.

Jumatatu Cornel aliondoka alfajiri. Jumatatu jioni, Filomena ameinama anafagia vumbi la plasta.

"Shikamoo, mama."

Karibu zaidi. Kizingitini.

"Marah..."

Mdomo ulitangulia, akili ikafuata. Alijaribu kulimeza neno, likatoka lote. "...haba."

Safari hii kulikuwa na harufu. Maziwa yaliyochacha, na udongo mbichi kama wa kaburi linalochimbwa. Ikampita kando ya mguu, chini chini, kwa kimo cha mtoto. Ikaingia ndani.

Usiku ule mtoto tumboni hakucheza. Asubuhi hakucheza. Filomena alikunywa maji ya baridi, akalala ubavu wa kushoto, akabonyeza, akangoja. Alikwenda zahanati. Muuguzi akaweka kifaa, akasikiliza muda mrefu kuliko kawaida.

"Moyo unapiga," alisema. "Ila unapiga taratibu. Kama mtoto amejibanza. Rudi kesho asubuhi."

Jumanne jioni aliketi jikoni huku taa zote zimewashwa, mlango wa uani umefungwa kwa komeo. Treni ilipita. Vikombe vikalia, vikanyamaza.

"Shikamoo, mama."

Ndani. Chini ya meza.

Filomena akang'ata pindo la kanga.

"Mama... shikamoo."

Sauti ilikuwa na kilio kwa mbali, kama mtoto anayeona kwamba amekosea lakini hajui amekosea nini. Na hapo ndipo ilipokuwa hatari, kwa sababu Filomena hakuogopa. Aliona huruma. Neno lilimjaa kinywani lote, tayari. Akanyanyuka na kanga yake mdomoni, akatoka mlango wa mbele, hakuvaa hata viatu.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Bibi Magreti, mjane mwenye miaka sabini na tisa, rika moja na Regina. Alikuwa barazani anachambua mchele kwa taa ya simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona peku?" Kisha akauweka ungo chini. "Mmefungua ule mlango."

"Kulikuwa na chungu, bibi."

"Kilikuwa mdomo chini."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Filomena akanyoosha kiganja, kimeelekea juu. Bibi Magreti akasogea, akashusha sauti kabisa.

"Umemwitikia?"

"Mara mbili."

"Mara mbili..." Mkono wa bibi ulipapasa mchele bila kuokota kitu. "Regina alizaa. Yeye na mumewe walikuwa wameshaachana. Mtoto alitoka mzima, vidole vyote, lakini hakulia. Mtoto wa namna ile, kwa wazee wetu, hatangazwi. Hapelekwi makaburini. Wanawake wanamzika pale nyumbani, kizingitini, wanamfunika kwa chungu. Tulikuwa watatu. Nimebaki mimi."

"Kwa hiyo ni mtoto wa shangazi."

"Ni wake. Ikafika mwaka wa nne, akaanza kumwamkia mama yake."

"Na yeye miaka yote hakumwitikia? Mwanawe?"

"Alitaka." Bibi Magreti akainua kiganja, akakitazama. "Siku ya kwanza alifungua mdomo. Nilimziba kwa mkono huu. Akaning'ata mpaka damu, sikumwachia. Wewe unadhani marahaba ni neno la adabu tu? Ni kumkubali mtu. Yule hajawahi kukubaliwa na yeyote. Akishakubaliwa ana mama, ana nyumba. Na kama kuna mwingine anakuja nyuma yake..." Akalitazama tumbo la Filomena, akaondoa macho. "Yeye ndiye mkubwa. Atataka abaki mkubwa."

"Nifanye nini?"

"Kesho, kabla jua halijazama, chungu kirudi kilipokuwa, na mbao zirudi mlangoni. Mdomo chini. Usimwitikie tena, hata akulilie."

Cornel alirudi kutoka Mikumi Jumatano mchana, kwa pikipiki, baada ya kusikia sauti ya mkewe kwenye simu. Alisimama uani, mikono kiunoni.

"Mlango wa mninga, Filomena. Nimeuchagua mwenyewe ubao kwa ubao. Leo unataka tuupigilie mbao kama banda?"

"Ndiyo."

"Na wageni nitawaambia nini?"

"Waambie shangazi alikuwa na mambo yake."

Cornel alifungua mdomo acheke, akauona uso wa mkewe, akaenda kutafuta misumari.

Waridi liling'olewa. Udongo ukamwagwa, chungu kikapanguswa. Bibi Magreti alisimamia kwa fimbo yake. Deo akakinyanyua chungu akipeleke shimoni, na katikati ya njia akasimama. Alikuwa amekishika kwa vidole viwili.

"Shemeji, hiki ndicho kile kile?"

"Ndicho. Kwa nini?"

"Mbona chepesi? Siku ile kilitaka kunivunja kiuno."

Filomena alimtazama Bibi Magreti. Midomo ya bibi ilikuwa inacheza, haitoi sauti. Kisha bibi akasema kwa ukali, "Weka, kijana, jua linakwenda," na Deo akakiweka, mdomo chini, akamwaga zege juu, akasawazisha kwa mwiko. Mbao zikapigiliwa.

Usiku ule tumbo lilicheza. Mateke matatu, ya nguvu, upande wa kulia. Filomena akalia. Cornel akaweka mkono pale mpaka akalala.

Bibi Magreti hakuingia tena katika nyumba ile. Ukimkaribisha, husema magoti yanamuuma.

Imani alizaliwa Aprili, mzima, akilia mpaka wodi ya pili wakamsikia. Nyumba ilipendeza. Chumbani ilishinda rangi ya maziwa, uani pevingi zikapangwa, na watu waliopita walisimama kuitazama. Filomena huanika nguo kwa kuzunguka nyumba nzima na beseni. Ukimwamkia kutoka nje hujibiwi. Atatoka, atakutazama usoni, atashusha macho mpaka miguuni. Mtaani wanasema ile nyumba inafundisha watu kuringa.

Sauti haikusikika tena uani. Harufu tu, mara moja moja, chumbani, asubuhi. Cornel alisema ni maziwa ya mtoto yamemwagikia godoro. Waligeuza godoro. Wakanunua lingine.

Imani alipofika mwaka na miezi miwili alikuwa hajasema neno. Filomena alikuwa akimfundisha kama watoto wote wanavyofundishwa. Sema shikamoo. Mwamkie baba. Sema shi-ka-moo. Mtoto alimtazama tu kwa macho makubwa.

Jumamosi moja, jua linainamia vilima, Cornel alikuwa nje mbele anaosha pikipiki, anapiga mluzi. Filomena alikuwa anachambua mboga jikoni. Imani aliketi sakafuni akichezea mfuniko wa sufuria. Mlango wa uani ulikuwa nyuma yake na mbao zake zote.

Mtoto akaacha mfuniko.

Hakutazama mlango. Alitazama ukumbini, kuelekea chumbani. Kwanza chini. Kisha macho yakapanda... yakapanda... mpaka shingo ikakunjika nyuma, kama mtoto anayemtazama mtu mzima aliyesimama karibu yake.

Akatabasamu.

"'Kamoo," akasema.

Neno lake la kwanza. Kwa sekunde moja Filomena alifurahi, akageuka amwite mumewe. Mluzi wa Cornel ulikuwa bado unasikika nje mbele. Ukumbini hapakuwa na mtu.

Harufu ikaja. Maziwa yaliyochacha.

"Marahaba, mdogo wangu."

Haikutoka uani. Ilitoka chumbani, kwenye mlango uliokuwa wazi, na haikuwa tena sauti ya mtoto.

Filomena aliruka, akamnyakua mwanawe, akamziba mdomo kwa kiganja. Akakaza, kama Bibi Magreti alivyokaza.

Chini ya kiganja chake, midomo midogo ilikuwa bado inaongea.